Mashine Haisemi Pole

"Kama huyu Akili angekuwa mtu," alisema Mjomba huku akimega mkate, "ningemposa."

Injinia alipaliwa na chai. Mama yake alimgonga mgongoni kwa kiganja cha kushonea, kiganja kigumu kilichozoea kukandamiza vitambaa, na chai ikamtoka puani.

"Kunywa taratibu," Mama alisema. "Nani anakukimbiza?"

"Sikilizeni," Mjomba aliendelea, maana hakuwa mtu wa kusimamishwa na kikohozi cha mwenzake. "Leo nimemwandikia kwamba mtungi wa gesi umeisha na nina wateja wanasubiri maji ya moto ya kunyolea. Dakika haikupita, amejibu. Ombi lako limepokelewa. Asante kwa uvumilivu wako. Haya niambieni, humu ndani nani amewahi kunishukuru kwa uvumilivu?"

"Uvumilivu upi?" aliuliza Bibi kutoka kwenye kiti chake cha kamba, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Akili ilikuwa mashine. Hivyo ndivyo watu wote walivyojua. Ukitaka gesi ulituma ujumbe kwa simu, na Akili, asiyechoka wala kununa, alikujibu, akaandika oda yako, na kijana wa pikipiki akaleta mtungi. Kampuni iliyomtengeneza ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa akifanyia mafunzo kazini mjukuu wa nyumba hii, binti wa fundi cherehani, mwanafunzi wa kutengeneza programu za kompyuta. Kwa hiyo nyumba nzima ilimchukulia Akili kama ndugu. Mjomba alikuwa kinyozi, na kila aliyekalia kiti chake alisimuliwa habari za mashine ya mpwa wake tangu wembe unaanza hadi poda inapakwa. Ni yeye aliyempachika binti jina la Injinia. Sasa hata muuza nyanya wa kona alimwita hivyo, na kila alipoitwa, binti alijisikia kama mtu anayetembea na kijiwe ndani ya kiatu.

Kwa sababu Akili ilikuwa yeye.

*

Chumba chake kule kazini kilikuwa na mlango ulioandikwa Stoo. Ndani kulikuwa na fagio, ndoo, viti viwili vilivyovunjika, meza, kompyuta, na karatasi ya masharti iliyobandikwa ukutani na Mkurugenzi mwenyewe. Mashine haina jina lingine. Mashine haifanyi mzaha. Mashine haiulizi habari za nyumbani. Mashine haisemi pole.

Siku ya kwanza Mkurugenzi alimweleza jambo hili kwa furaha, kama anayemwonyesha mgeni bustani.

"Akili wa kweli anakuja," alisema. "Anatengenezwa. Wewe unamshikia nafasi tu, kama mtu anavyomshikia mwenzake foleni."

"Anatengenezwa na nani?"

Mkurugenzi alitoa ishara ya mkono kuelekea ukumbini, alikokuwa ameketi msanifu programu pekee wa kampuni, mtu mwembamba aliyeshinda na vidude vya muziki masikioni, ambaye wote walimwita Kimya. Kimya hakuinua uso.

Tangu hapo Injinia alikuwa hajaandika hata mstari mmoja wa programu. Alikuwa ameandika "Ombi lako limepokelewa" mara nyingi hivi kwamba siku moja, Mama alipomtuma vifungo dukani, alijikuta amemjibu hivyo hivyo, na Mama akamtazama kwa muda. Injinia hakuweza kueleza. Alikuwa ametia sahihi karatasi ya kutunza siri za kampuni, na hata bila karatasi, angeanzia wapi? Amwambie Mjomba kwamba aliyekuwa akimsimulia juu ya yule mama wa duka la viatu, na jinsi anavyomkata jicho, ni mpwa wake?

Ubaya zaidi, kazi yenyewe aliiweza kupita kiasi.

"Unaelewa mno," Mkurugenzi alimlalamikia wiki iliyopita, akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Mteja kaandika gesi imekwisha na wageni wako njiani, wewe umemharakishia. Mashine haielewi hivyo. Watatushuku. Punguza."

"Nipunguze kuelewa?"

"Kidogo tu. Mara moja moja sema hujaelewa swali."

Basi akapunguza. Alijifunza kutoelewa. Ila kulikuwa na namba moja iliyomshinda, nayo ilikuwa ya bibi yake. Bibi hakuandika kama watu wengine. Aliandika kwa kidole kimoja, akianza na salamu. "Hujambo mwanangu Akili. Nyumbani kwenu hawajambo? Mimi mtungi umeisha. Goti linanisumbua kidogo lakini akija nitamfungulia mlango. Ubaki salama." Injinia aliutazama ujumbe huo hadi kioo cha kompyuta kikafifia chenyewe. Kisha akajibu: "Ombi lako limepokelewa. Kijana atauingiza mtungi hadi jikoni, zile ngazi mbili zisikupe taabu." Akampigia kijana wa pikipiki kumsisitizia. Toka siku hiyo mtungi wa Bibi uliingizwa hadi jikoni bila kuombwa, na Bibi kila mara alimpa kijana maji ya kunywa, na kijana akawa karibu kugombana na wenzake apewe mtaa huo.

*

"Nataka kuacha," Injinia alisema Jumapili, wakati Mama anampima mikono.

Mama alikuwa amebana pini midomoni. Suti ya mahafali ilikuwa imebakiza mikono na bitana. Kitambaa chake kilikuwa cha mteja aliyekikataa rangi, kizuri kuliko chochote ambacho wangenunua dukani, na Mama alikishona usingizi wake ukingoja, kila wateja walipomwachia nafasi. Alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, ndipo akauliza, "Kuacha nini?"

"Mafunzo."

"Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Hawakulipi ile posho?"

"Wanalipa. Inachelewa lakini inakuja."

"Kuna mtu anakusumbua?" Sauti ya Mama ilishuka, na mkono wake ukausogelea mkasi.

"Hapana, Mama. Hakuna mtu."

"Sasa unaacha nini? Usipomaliza, chuo hawakupi cheti. Wamesema wenyewe, au nimesikia vibaya? Hutavaa joho. Hii suti nitamvalisha nani, huyu?" Alimwonyesha Mjomba, aliyekuwa akisoma gazeti kuukuu miguu juu ya meza.

"Rangi inanifaa," alisema Mjomba.

"Sijifunzi kitu," Injinia alisema. "Nakaa tu."

"Kukaa si kazi mbaya," Mjomba aliingilia. "Mimi nasimama siku nzima, visigino vimekuwa kama matofali. Wewe unakaa, unalipwa, na unafanya kazi na Akili. Ungemwomba hata huyo Akili akufundishe subira! Ana subira yule. Juzi nimemwandikia jambo refu la moyoni, amenisikiliza lote."

"Amekujibu nini?" aliuliza Bibi.

"Kwamba hajaelewa swali. Lakini alijibu kwa heshima."

Injinia alifunika uso kwa mkono uliokuwa na mkono mmoja wa suti. Bibi alimtazama. Baadaye binti alipokuwa akiosha vyombo, Bibi alikuja akasimama karibu naye, akachukua kitambaa, akaanza kufuta vikombe.

"Ni jambo la kusemeka?" aliuliza.

"Siwezi kusema, Bibi."

"Haya." Akafuta kikombe kingine, kilichokuwa kikavu tayari. "Lakini usiku hulali. Nasikia kitanda."

"Ni joto tu."

"Haya," Bibi alisema tena.

*

Siku ya wageni, Mkurugenzi alikuja amevaa tai. Hospitali ilitaka kumnunua Akili. Wangekuja mganga mkuu na muuguzi mkuu, wangekaa ukumbini, na ujumbe wa wateja wa kweli ungeonyeshwa ukutani kwa projekta pamoja na majibu yake, papo hapo. Wakiridhika, wagonjwa wangeanza kumwandikia Akili badala ya kupiga foleni.

"Wagonjwa?" Injinia aliuliza. "Watamwandikia Akili yupi?"

"Huyu huyu, kwa muda."

"Mtu akiandika kwamba mtoto wake anatetemeka kwa homa, nimjibu nini?"

Mkurugenzi alifikiri. Alikuwa anafikiri kweli, hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyekwisha kulipa kodi ya ofisi kwa ahadi. "Ombi lako limepokelewa," alisema mwishowe. "Hospitali wakisaini, utahama stoo. Nakupa meza. Nakupa programu ya kuandika. Neno langu." Akarekebisha tai, akafunga mlango.

Ukuta kati ya stoo na ukumbi ulikuwa wa mbao nyembamba. Injinia aliwasikia wakikaribishwa, wakivuta viti, wakikataa soda kisha wakikubali. Akasikia Mkurugenzi akisema, "Tazameni wenyewe." Ujumbe wa kwanza ukaingia. Mtungi mdogo, mtaa wa nyuma ya soko. Akajibu. Wa pili, mtu analalamika kaletewa mtungi wenye kutu. Akajibu. Ukumbini watu wakaguna kwa kuridhika.

Kisha ikaja namba ya Bibi.

"Mwanangu Akili, hujambo. Leo sitaki gesi. Nina mjukuu wangu anafanya kazi huko kwenu. Siku hizi anarudi nyumbani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Anataka kuacha kazi na sababu hasemi. Mama yake anataka amalize, naye ana haki. Mimi nimwambie nini? Usiharakishe, najua una watu wengi."

Injinia aliisikia feni ya ukumbini ikilia kwik, kwik.

"Hapa sasa," Mkurugenzi aliwaambia wageni, sauti imepanda kidogo, "mtaona jinsi Akili anavyojua mipaka. Atasema hajaelewa swali. Subirini."

Kidole cha Injinia kilikuwa tayari juu ya jibu. Lilikuwa limeandikwa, lilisubiri kubonyezwa tu. Alilitazama. Alimwona Bibi kwenye kiti cha kamba, miwani imeshuka, kidole kimoja kikitafuta herufi, asubuhi nzima labda. Akamwona akisoma, "Samahani, sijaelewa swali lako," na kusema, "Haya."

Akafuta. Akaandika: "Pole, Bibi. Umekunywa dawa ya presha?"

Nyuma ya ukuta mtu alicheka, mwingine akapiga makofi.

"Imejuaje kwamba ana presha?" Hiyo ilikuwa sauti nzito ya mwanamke, bila shaka muuguzi mkuu.

"Inakisia," alisema Mkurugenzi, ambaye sauti yake sasa ilikuwa imelowa jasho. "Ndiyo... ndiyo ufundi wenyewe."

"Manesi wangu wenyewe hawaulizi hivi. Daktari, umeona? Imesema pole!"

"Tuinunue," alisema mganga mkuu.

Ujumbe wa Bibi ukarudi: "Nimekunywa, asante kwa kuuliza. Sasa nijibu nilichokuuliza." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Injinia peke yake hakucheka. Alikuwa ametaka kuharibu onyesho, na sasa amemuuza Akili.

"Nipeni hiyo namba," alisema muuguzi mkuu. "Na mimi nimjaribu." Zikasikika herufi zikibonyezwa, tik, tik, kisha swali likatokea kwenye kompyuta ya stoo: "Akili, mimi ni muuguzi. Mgonjwa wangu akikuandikia usiku ana maumivu, anayesoma ni nani?"

Injinia alisoma mara mbili. Kulikuwa na majibu tayari ya swali kama hilo, Mkurugenzi aliyaandika mwenyewe. Akafikiria mikono ya suti iliyokuwa imebakia. Akamfikiria Mama na pini zake. Halafu akafikiria mtu asiyemjua, katika chumba asichokijua, ameshika simu na mtoto mwenye homa.

Akaandika: "Huwa nasoma mimi. Usiku hakuna anayesoma, maana saa kumi na moja jioni naenda nyumbani. Nipo chumba cha pili, mlango ulioandikwa Stoo. Karibu."

Halafu akamwandikia Bibi: "Mwambie arudi nyumbani."

"Anatania!" Mkurugenzi alikuwa akisema nyuma ya ukuta. "Akili ana utani sana, tumemtengeneza hivyo!"

Viatu vizito vikaja. Mlango ukafunguliwa. Muuguzi mkuu, mama mnene mwenye viatu vya mpira na saa iliyobandikwa kifuani, alitazama fagio, akatazama ndoo, akatazama karatasi ya masharti, na mwishowe akamtazama binti.

"Wewe ndiye Akili?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na yule bibi?"

"Ni bibi yangu."

Muuguzi mkuu aliinama, akaokota sweta ya Injinia iliyokuwa imeanguka karibu na ndoo, akaikung'uta vumbi, akampa. "Basi nenda ukamjibu vizuri," alisema. Akageuka kuelekea ukumbini. "Daktari, tuondoke. Na ile soda tuilipie."

*

Mkurugenzi alisema mengi. Alisema cheti asahau. Alisema angemshtaki kwa ile karatasi ya siri, kisha akakumbuka kwamba karatasi hiyo ingebidi isomwe mbele ya hakimu, akanyamaza. Mwishowe alikaa juu ya kimoja cha viti vilivyovunjika, tai imemwendea bega la kushoto, akawa anaonekana mdogo. Injinia alimletea glasi ya maji kabla ya kuondoka. Hakujua kwa nini. Ilikuwa tu kwamba maji yalikuwepo na mtu alikuwa na kiu.

Kwenye ngazi alisikia mtu akishuka nyuma yake. Alikuwa Kimya, vidude vya muziki vikining'inia mkononi.

"Kabla yako nilikuwa mimi," alisema.

"Wewe?"

"Akili. Hapo hapo stoo. Nilipokuja kuandika programu yake, wakanikalisha nishike nafasi. Ulipokuja wewe nikapandishwa cheo, nikaletwa ukumbini." Alivitazama vidude vyake. "Hivi havina muziki. Nilikuwa sitaki tu kukusikia ukibonyeza."

"Pole," alisema Injinia.

Kimya akatabasamu, meno yake yakaonekana kwa mara ya kwanza. "Leo jioni zamu ni yangu tena," alisema, akapanda ngazi taratibu.

*

Mama alisikiliza yote akiwa amesimama. Alipomaliza kusikiliza alikaa. "Mwaka mzima," alisema. "Utaanza mafunzo upya, mwaka mzima umekwenda."

"Ndiyo, Mama."

"Wenzako watavaa joho, wewe utakuwa unawapiga picha."

"Ndiyo."

Mama akaichukua suti, akaigeuza ndani nje, akaanza kuikagua mishono, maana alipokuwa na hasira ilibidi mikono yake ishike kitu. "Sikukulea udanganye watu," alisema baada ya muda. "Lakini ungeniambia mapema, nisingeweka bitana." Akavuta pindo la ubavuni. "Nimeacha kitambaa cha kutosha hapa. Hata ukinenepa, mwakani itakutosha." Kisha akapenga kamasi kwa kipande cha bitana hiyo hiyo.

Mjomba alikuwa bado hajasema neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikuwa amekodoa macho ukutani.

"Kwa hiyo," alianza, "zile habari nilizomwandikia Akili... za yule mama wa duka la viatu..."

"Nimezisoma zote, Mjomba."

"Zote?"

"Hata shairi."

"Shairi gani?" Mama akainua kichwa.

"Hakuna shairi!" Mjomba alisimama. "Sikubali. Mashine ipo. Huyu mtoto amechoka tu, anaweweseka. Subirini niwaonyeshe." Akatoa simu, akaandika huku akitamka kila neno kwa sauti: "Akili, uko hapo?" Akaiweka simu mezani. Wote wanne wakainamia kioo chake kidogo kama wanaosubiri maziwa yachemke.

Simu ikalia. Mjomba akasoma, polepole, sauti ikizidi kupungua: "Pole sana. Akili ameacha kazi. Ukitaka gesi piga simu dukani, waambie wauingize mtungi hadi ndani."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akailaza suti usoni. Mjomba akakaa chini, akasema itambidi kesho atafute kinyozi wa kumnyoa yeye, aonekane mtu mwingine. "Huyo aliyejibu," alisema Bibi, akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga, "siku moja mwambie aje ale. Anaonekana hana wa kumwuliza kama amekula."

Wengine walipokwenda kulala, Injinia alibaki kumsaidia Bibi kuinuka kwenye kiti cha kamba. Goti lilikuwa gumu. Walisimama kidogo, wameshikana mikono, wakisubiri likubali.

"Ulijua tangu lini?" Injinia aliuliza.

"Tangu zile ngazi mbili. Mashine itajuaje kwamba jiko letu lina ngazi?"

"Na kila siku ulinisalimia tu, hukusema."

"Nikuharibie kazi?"

"Sasa leo kwa nini uliniuliza kule, Bibi, mbele za watu? Mimi niko hapa kila siku. Ungeniuliza hapa nyumbani."

"Watu sikuwajua, hao nimewasikia sasa kwako." Bibi alijaribu mguu, ukakubali. Akapiga hatua, mkono wake bado umemshikilia mjukuu. "Hapa nyumbani nilikuuliza, hukunijibu. Nikasema ngoja nikuulize kule. Kule kujibu ndiyo ilikuwa kazi yako."